Kwa nini SEG Plaza ilitikisika bila tetemeko la ardhi

Swali: "Shikamoo mhandisi. Nauza vipuri vya simu Kariakoo, na safari hii nimeamua kwenda Shenzhen, China, mwenyewe badala ya kuagiza kupitia watu. Soko nililoelekezwa limo ndani ya jengo refu linaloitwa SEG Plaza, mtaa wa Huaqiangbei. Sasa mwenzangu kanitumia video ya mwaka 2021: watu wanatoka mbio kwenye jengo hilohilo, wanakimbia huku wakitazama juu. Inasemekana lilitikisika, na siku hiyo hakukuwa na tetemeko wala dhoruba. Inawezekanaje? Niingie, au nitafute soko lingine? Halafu hata jengo ninalopanga duka hapa mjini lina mnara wa simu juu ya paa. Nalo nilihofie?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalokutia wasiwasi zaidi: ingia, ufanye biashara yako. SEG Plaza ilifunguliwa tena tarehe 8 Septemba 2021, baada ya wataalamu kuipima kwa miezi kadhaa, na kitu kilichoanzisha mtikisiko hakipo tena. Kilikuwa juu ya paa, kikakatwa na kushushwa. Ukilinganisha video uliyotumiwa na jengo utakalolikuta, utaona kwamba mlingoti uliokuwa kileleni umeondolewa.

Umeuliza pia inawezekanaje, na swali hilo linastahili jibu refu. Limeshajibiwa ovyo mara nyingi. Wapo waliosema jengo lilikuwa linazama, wapo waliosema zege ilikuwa mbovu, na wapo waliosema majengo ya China ndivyo yalivyo. Nimefanya kazi ya kukokotoa nguzo na mihimili kwa muda mrefu, na kisa hiki nimekifuatilia kwa karibu kuliko vingine vingi, kwa sababu kinafundisha jambo ambalo sisi wahandisi tunalijua darasani lakini tunalisahau tukifika kazini.

Kwanza ulijue jengo lenyewe. Shenzhen ilitangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, wakati sehemu ile ilikuwa na watu wapatao laki tatu tu, wengi wao wakulima na wavuvi. Sensa ya 2020 ilikuta watu zaidi ya milioni 17. Mji uliokua kwa mwendo huo ulihitaji majengo ya kuutambulisha, na kila kipindi kilijenga la kwake. Mwaka 1985 lilikamilika jengo la Guomao, mita 160, ambalo wajenzi wake walifika hatua ya kumaliza ghorofa moja kwa siku tatu. Ndipo Wachina wakaanza kusema "kasi ya Shenzhen". Mwaka 1996 likaja Diwang, lenye mita 384 ukihesabu na milingoti yake. Mwaka 2000 ikawa zamu ya SEG Plaza: ghorofa zaidi ya 70, paa likiwa mita 291.6 kutoka ardhini na ncha ya mlingoti ikifika mita 355.8. Ghorofa za chini ni soko la vifaa vya elektroniki, hilo unalolifuata wewe, na juu yake kuna ofisi. Kampuni ya SEG ilikuwa na soko la vipuri pale Huaqiangbei tangu 1988, kabla ya jengo hili, na kutoka soko lile mtaa mzima ukageuka kuwa ghala la simu na vipuri la dunia. Bidhaa nyingi za makontena yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa zimepitia kwenye vichochoro vile. Hata kampuni ya Transsion, yenye Tecno, Itel na Infinix, makao yake ni Shenzhen.

Nguzo za SEG Plaza si dhaifu. Ni mabomba ya chuma yaliyojazwa zege ndani, mfumo ambao chuma huibana zege isipasuke, na zege nayo huizuia chuma isijikunje. Kwa wakati wake lilikuwa miongoni mwa majengo marefu zaidi duniani kujengwa kwa mfumo huo. Nakutajia hili mapema ili ujue kwamba tatizo halikutoka kwenye nguzo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, tarehe 18 Mei 2021, saa sita na nusu hivi mchana. Watu waliokuwa ofisini waliona skrini za kompyuta zinacheza na maji yanatetemeka kwenye glasi. Walioko juu waliteremka kwa ngazi, wauzaji wa sokoni wakaacha meza zao, na uwanja wa mbele ukajaa watu. Wapatao 15,000 waliondolewa. Vituo vya kupima matetemeko vikaangaliwa, havikuonyesha tetemeko lolote Shenzhen siku hiyo. Upepo ulikuwepo, lakini ulikuwa upepo wa kawaida wa Mei katika mji wa pwani. Mtikisiko ukasikika tena siku zilizofuata. Wafanyabiashara wakawa wanatoa mizigo yao kwa mikokoteni, na hatimaye jengo likafungwa kabisa.

Maelezo ya mwanzo yaliyotolewa kesho yake yalitaja mambo matatu kwa mpigo: upepo, treni za chini ya ardhi zinazopita karibu, na joto linalotanua chuma. Sikuyapenda maelezo hayo nilipoyasoma, na bado siyapendi. Treni zilikuwa zinapita kila siku kwa miaka, na joto la Mei huja kila Mei. Ukitaja sababu tatu zilizokuwepo jana na juzi bila kueleza nini kimebadilika leo, hujaeleza kitu. Kwa bahati nzuri hawakuishia hapo. Jopo la wataalamu lilifunga vipimo ndani ya jengo, likasubiri upepo, likapima mlingoti na ghorofa kwa pamoja, na katikati ya Julai likatoa matokeo yaliyosimama juu ya vipimo.

Kabla sijakupa matokeo hayo, naomba tukubaliane juu ya jambo moja: kila jengo refu hutembea. Hata yale marefu unayoyaona Posta, Dar es Salaam, yanatembea. Upepo ukilisukuma linakwenda kidogo, halafu linarudi, na kila jengo lina muda wake wa kwenda na kurudi ambao haulazimishwi na mtu. Unatokana na uzito wake na ugumu wake. Wahandisi tuna kanuni ya haraka ya kukadiria: gawa 46 kwa urefu wa jengo kwa mita, utapata mara ngapi linayumba kwa sekunde. Kwa mita 292 unapata takriban 0.16, yaani safari moja ya kwenda na kurudi huchukua sekunde sita hivi. Huo ni mwendo wa pole, na mara nyingi watu hawausikii.

Walichokisikia watu wa SEG Plaza hakikuwa hicho. Mtikisiko ule ulikuwa wa haraka, takriban mara mbili kwa kila sekunde, zaidi ya mara kumi ya mwendo wa kawaida wa jengo. Hapo ndipo mhandisi anapaswa kusimama na kujiuliza. Jengo refu lina namna nyingi za kutikisika, si ile moja ya kuinama lote upande mmoja na kurudi. Linaweza kujipinda katikati huku juu na chini pakienda kinyume, linaweza kujinyonga kama nguo inayokamuliwa, na linaweza kufanya yote mawili kwa pamoja. Kila namna ina kasi yake. Zile za haraka huwa zimelala tu, kwa sababu upepo wa kawaida hauna nguvu ya kuziamsha. Mei ile, moja ya namna hizo za haraka, inayochanganya kujipinda na kujinyonga, iliamshwa.

Na hapa ndipo hofu ya watu na hatari halisi zinapoachana. Mwili wa binadamu hauhisi umbali ambao sakafu imesogea. Unahisi mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika kwa ghafla. Chukua mchapuko mdogo unaotosha kumfanya mtu ashtuke, tuseme nusu ya asilimia ya mvutano wa dunia. Kwa jengo linaloyumba taratibu kwa sekunde sita, sakafu lazima isogee karibu sentimita tano kila upande ndipo usikie kiasi hicho. Kwa mtikisiko wa mara mbili kwa sekunde, inatosha sakafu isogee theluthi moja ya milimita. Theluthi ya milimita! Ni unene wa karatasi tatu za kuandikia. Kwa hiyo watu waliokimbia hawakuwa waoga wala hawakudanganya. Walihisi kitu cha kweli, na walifanya sawasawa kutoka. Lakini nguzo za jengo lile zilisanifiwa kubeba mwendo mkubwa kuliko huo mara nyingi sana.

Nani basi aliuamsha mtikisiko huo? Jopo lilinyoosha kidole juu: mlingoti.

Upepo ukikutana na kitu cha mviringo kilichosimama, kama bomba au nguzo, haupiti pande zote mbili kwa utulivu. Unaachia visulisuli nyuma yake, kimoja kushoto, kimoja kulia, kushoto tena, kulia tena. Kila kisulisuli kinapoachia, kinaivuta nguzo kidogo upande wake. Kwa hiyo upepo unaotoka mbele unaitikisa nguzo kwenda ubavuni, jambo ambalo wanafunzi wangu hukataa kuliamini mpaka walione. Idadi ya jozi za mivuto kwa sekunde, kushoto na kulia ukihesabu kuwa jozi moja, inafuata hesabu nyepesi: zidisha kasi ya upepo kwa 0.2, kisha gawa kwa upana wa nguzo. Tufanye mfano wa namba nyepesi. Bomba la upana wa mita moja, upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao ni kilomita 36 kwa saa, upepo wa kupeperusha bendera na kukunjua miavuli. Jibu ni jozi mbili za mivuto kwa sekunde, yaani nguzo inakwenda na kurudi mara mbili. Umeiona namba hiyo? Ndiyo ileile ya mtikisiko wa SEG Plaza.

Mivuto hiyo ni midogo. Peke yake haiwezi kulitikisa jengo la maelfu kwa maelfu ya tani. Kinachoipa nguvu ni kuja kwa wakati uleule ambao kitu chenyewe kinapenda kutikisika. Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani anajua: kuna mwendo mmoja wa hatua ambao maji huanza kupanda na kumwagika, na ukiongeza au kupunguza mwendo kidogo tu yanatulia, ingawa ndoo ni ileile na uzito ni uleule. Wanafizikia hali hiyo huiita resonansi. Mlingoti wa SEG Plaza ulivutwa na visulisuli kwa kasi yake wenyewe ya kutikisika, ukaanza kupiga kwa nguvu. Na chini yake lilikuwepo jengo ambalo moja ya namna zake za haraka ilikuwa na kasi hiyohiyo. Mlingoti ukalipokeza jengo mtikisiko, jengo likaupokea, na mtikisiko ukashuka hadi kwa watu waliokaa ofisini.

Kumbuka hapa jambo linalowashangaza wengi. Septemba 2018 kimbunga Mangkhut kilipiga pwani ya Guangdong kwa upepo wa kung'oa miti, na SEG Plaza ikabaki imesimama. Karibu miaka mitatu baadaye, upepo wa kawaida ukawakimbiza watu. Ukishaelewa visulisuli hakuna ajabu. Upepo mkali sana huachia visulisuli kwa haraka kupita kasi ya mlingoti, tena huja kwa vishindo visivyo na mpangilio, kwa hiyo mivuto haipati nafasi ya kujumlishana. Upepo wa wastani, unaovuma bila kubadilika kwa dakika nyingi, ndio unaoweza kulingana na mlingoti na kuendelea kuusukuma bila kukosea hatua. Kwa mtikisiko wa aina hii dhoruba si adui mkubwa.

Sasa tufike kwenye swali ambalo mimi naliona ndilo kiini cha kisa chote. Upepo wa wastani huvuma Shenzhen kila mwaka, na mlingoti ulikuwa pale tangu mwanzo. Kwa nini jengo lisubiri zaidi ya miaka ishirini?

Jibu la jopo ni kwamba jengo la 2021 halikuwa tena jengo la 2000. Tabia ya mlingoti na ya jengo lenyewe zilikuwa zimebadilika polepole. Viungo vya chuma hulegea kidogo kidogo kwa kutikiswa na upepo mwaka baada ya mwaka. Zege hupata nyufa ndogo zisizo na madhara kwa ubebaji lakini zinazopunguza ugumu. Wapangaji hubomoa kuta za ndani na kujenga nyingine, hujaza stoo, huhamisha mashine. Kila badiliko dogo la namna hiyo husogeza kasi ya kutikisika. Kwa miaka mingi kasi ya mlingoti na kasi ya jengo zilikuwa mbalimbali, kila moja na yake. Zikasogeleana. Zilipokutana, upepo wa kawaida ukawa umetosha.

Hakuna fundi aliyekosea siku ya 18 Mei. Hakuna aliyeiba saruji. Kilichokosekana ni kipimo cha mara kwa mara ambacho kingeonyesha, miaka kadhaa kabla, kwamba namba mbili zinakaribiana. Vifaa vya kupimia mtikisiko si ghali ukilinganisha na thamani ya jengo, na vinaweza kukaa pale miaka vikirekodi. Kwa maoni yangu, kila jengo linalozidi ghorofa 40 linapaswa kuwa navyo, na kila linapofikisha miaka kumi lipimwe na namba zake zilinganishwe na za siku lilipokabidhiwa. Tunawapima wagonjwa presha kwa sababu inabadilika na umri. Majengo nayo yana umri.

Kisa hiki hakikuwa cha peke yake. Mwaka mmoja kabla, tarehe 5 Mei 2020, daraja la Humen katika mkoa uleule wa Guangdong lilianza kupanda na kushuka kama wimbi, magari yakazuiwa. Daraja lile lilifunguliwa 1997 na lina urefu wa mita 888 kati ya minara yake miwili. Mafundi waliokuwa wakilikarabati walikuwa wamepanga vizuizi vya muda pembeni mwa barabara, na vizuizi hivyo vikabadilisha umbo ambalo upepo unakutana nalo. Visulisuli vikapata mpangilio. Vizuizi vikaondolewa, ingawa daraja liliendelea kutikisika kwa muda, na baada ya kukaguliwa likaanza kutumika tena. Na huko Seoul, Korea Kusini, Julai 2011, jengo la ghorofa 39 la Techno-Mart lilitikisika kwa dakika kumi hivi bila upepo wala tetemeko; uchunguzi ulielekeza kwenye darasa la mazoezi ghorofa ya 12, watu wachache waliokuwa wakiruka kwa pamoja kwa mdundo mmoja. Katika visa vyote hivi nguvu ilikuwa ndogo na wakati wake ulikuwa sahihi.

Tiba za tatizo la SEG Plaza zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuuzungushia mlingoti utepe wa chuma unaopanda kama ngazi ya kuzunguka. Labda umewahi kuona dohani ndefu ya kiwanda yenye utepe huo karibu na kilele. Si pambo, unavunja visulisuli ili kila sehemu ya dohani iachie vyake kwa wakati tofauti. Ya pili ni kufunga kizito juu ya jengo kinachoyumba kinyume na jengo na kumeza nguvu ya mtikisiko. Shanghai Tower, lenye mita 632 na lililokamilika 2015, lina kizito cha tani 1,000 kileleni. Lenyewe limejengwa likiwa limejinyonga takriban nyuzi 120 kutoka chini hadi juu, kusudi visulisuli visijipange, na majaribio ya kwenye handaki la upepo yalionyesha umbo hilo linapunguza nguvu ya upepo kwa karibu asilimia 24. Wasanifu wake walifikiria upepo tangu mstari wa kwanza wa kuchora.

Ya tatu ni kukata. Shenzhen ilichagua kukata, nami nawaunga mkono kwa dhati. Mlingoti ule haukubeba ghorofa hata moja. Ulikuwepo ili jengo lisomeke mita 355.8 badala ya mita 291.6, katika enzi ambayo kila mji uligombea kuingia kwenye orodha ya majengo marefu. Wangeweza kuubakiza kwa kuufunga vifaa vya gharama, ili jina la jengo lisipungue mita sitini na ushei. Wakaona usalama na utulivu wa watu walio ndani una uzito zaidi, wakaushusha kipande kwa kipande. Jopo likathibitisha kwamba muundo mkuu wa jengo ni salama.

Mwaka huohuo serikali ya China ilichukua hatua kuhusu urefu wenyewe. Julai 2021 ikapiga marufuku majengo mapya ya zaidi ya mita 500. Oktoba ikaongeza: miji yenye watu chini ya milioni tatu isijenge zaidi ya mita 150 bila ruhusa maalumu, wala zaidi ya mita 250 kwa vyovyote. Ping An Finance Centre, lililo Futian, wilaya ileile ya SEG Plaza, lina mita 599. Chini ya kanuni hizo lisingeruhusiwa leo. Marufuku hiyo ilikuwa na sababu nyingi, zikiwemo gharama, moto na ofisi zinazokosa wapangaji, kwa hiyo usichukulie kwamba ilitokana na SEG Plaza pekee.

Sasa mnara wako wa simu. Niliposoma mwisho wa swali lako nilifurahi, maana umeunganisha vitu viwili ambavyo kweli vina undugu. Minara mingi ya simu juu ya paa zetu ni ya vyuma vyembamba vilivyounganishwa kama ngazi zilizoegemeana, na upepo unapita katikati. Kila chuma kina upana wake na mwelekeo wake, visulisuli haviachiwi kwa pamoja, na mnara ni mwepesi mno ukilinganisha na jengo. Kwa ghorofa nane au kumi, resonansi ya namna ya SEG Plaza usiihofie. Mnara wa bomba moja la mviringo ni tofauti kidogo. Huo ukiusikia unavuma au ukiona unacheza ubavuni kwenye upepo wa kawaida, mwenye jengo aarifiwe.

Ninachokihofia zaidi kwenye mapaa yetu ni cha kawaida kabisa: mnara uliofungwa kwenye zege ambayo haikusanifiwa kuubeba, boliti zilizoliwa na kutu ya hewa ya bahari, na maji ya mvua yanayoingia kwenye matundu ya boliti mpaka nondo zinavimba na zege inamenyuka. Panda juu siku moja na mwenye jengo. Ukikuta madoa ya kutu kuzunguka miguu ya mnara, au ukiwa kwenye ghorofa ya mwisho ukaona dari linabanduka chini ya pale mnara ulipo, omba aitwe mhandisi aliyesajiliwa, aje na karatasi ya hesabu, si fundi wa kupaka rangi. Una haki ya kuuliza kama mpangaji.

Ukifika SEG Plaza, kabla hujazama kwenye meza za vipuri, tafuta kwanza ngazi za dharura ziko wapi katika ghorofa uliyopo, na uhakikishe mlango wake unafunguka. Fanya hivyo katika kila jengo refu, hata ukiwa Kariakoo. Ikitokea siku moja sakafu ikatetemeka chini ya miguu yako, usikae kuchunguza ni resonansi au ni nini; acha mzigo, shuka kwa ngazi, lifti usiiguse, na ukitoka nje usisimame chini ya vioo. Sogea mbali na jengo kwanza. Kuhusu bei za vipuri, hilo utawauliza wenzako waliotangulia.